Njia Mbili za Fisi na Tairi Moja

Falsafa ya uchaguzi hufundishwa zaidi kwa mifano mizito, kama vile ndoa, kazi, imani na vita, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahau kwamba ugumu wake wote umo pia katika vitu vidogo ambavyo mtu hununua dukani na kuvifunga kwa mikono yake mwenyewe. Tairi la baiskeli ni kimojawapo cha vitu hivyo. Mwendeshaji ambaye safari yake hupita kwenye lami kwa muda, kisha huingia barabara ya vumbi iliyoshindiliwa hadi ikawa ngumu, kisha hurejea tena kwenye lami, hawezi kubadili matairi kila uso wa njia unapobadilika. Huchagua jozi moja kabla hajaondoka, na huvumiliana nayo hadi mwisho wa safari. Baiskeli zinazotengenezwa mahsusi kwa safari za namna hii, zenye usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano lakini zenye nafasi ya kupokea matairi mapana, huitwa baiskeli za changarawe, na wanaozinunua huulizana bila kuchoka ni tairi lipi lililo bora. Swali hilo ni la kifalsafa kabla halijawa la ufundi, kwa kuwa sharti kwanza ijulikane kama kuna kilicho bora pale ambapo kitu kimoja kinatakiwa kutosheleza mahitaji mawili yanayovutana.

Waswahili husema njia mbili zilimshinda fisi, na kisa chenyewe kinajulikana: mnyama huyo alifika njia panda, akanusa harufu ya nyama kutoka pande zote mbili, akataka kupita kote kwa pamoja, akapasuka katikati. Funzo linalotolewa kwa kawaida ni kwamba angechagua njia moja na kuiacha nyingine. Funzo hilo ni la kweli kwa fisi, lakini halimsaidii mwendeshaji, kwa sababu njia yake ni moja yenye nyuso mbili. Akiikataa lami hafiki, na akilikataa vumbi hafiki. Kwa hiyo hali yake ni ngumu kuliko ya fisi, na inafanana zaidi na hali ya binadamu kwa jumla, ambaye haruhusiwi kuachana na nusu ya maisha yake ili nusu ya pili iwe nyepesi.

Ili kuona mvutano huo ulipo hasa, ni lazima kueleza kwanza kazi ya tairi lenyewe. Tairi la upepo lilisajiliwa kwa hataza na Robert William Thomson nchini Uingereza mwaka 1845, likasahauliwa, likabuniwa upya mwishoni mwa miaka ya 1880 na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast na aliyetaka kupunguza mtikisiko wa baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kanuni yake ni nyepesi kueleza. Uzito unaokaa juu ya gurudumu hubebwa na upepo uliomo ndani, na ukubwa wa eneo la mpira linalogusa ardhi hupatikana, kwa kukadiria, kwa kugawanya uzito huo kwa shinikizo la upepo. Mwendeshaji wa kilo 75 aliyepanda baiskeli ya kilo 10 hulilemea gurudumu la nyuma kwa takriban kilo 47; tairi lake likijazwa hadi shinikizo la baa 2.5, eneo linalogusa ardhi huwa karibu sentimita za mraba 18, na likijazwa hadi baa 5 eneo hilo hupungua hadi sentimita za mraba 9 hivi. Maisha ya mtu anayekata kona kwa kasi hutegemea kipande hicho cha mpira kisichozidi kiganja cha mtoto.

Tairi hupoteza nishati kwa njia mbili, na hapa ndipo mvutano unapoanza. Ya kwanza iko ndani ya tairi lenyewe: mpira na kitambaa chake hubonyea vinapofika ardhini na kurudi vinapoinuka, na katika kurudi huko havirejeshi nishati yote viliyopokea, kwa kuwa sehemu yake hugeuka joto. Tairi gumu hubonyea kidogo, kwa hiyo juu ya lami laini hupoteza kidogo. Njia ya pili iko ndani ya mwili wa mwendeshaji: kila kijiwe kinachomrusha juu humlazimu alipe kwa mwendo wake, na mtikisiko unaozamia katika nyama na viungo vyake ni nishati iliyotoka miguuni ambayo haitamsukuma mbele tena. Juu ya uso wenye mikwaruzo tairi gumu humlinda mwendeshaji na hasara ya kwanza huku likimtwisha ya pili, na ndiyo maana imani iliyotawala kwa miongo mingi, kwamba tairi jembamba lililojazwa hadi kulia ndilo lenye kasi kila mahali, imeachwa hata na wanamashindano wa lami.

Meno ya tairi nayo huelezwa vibaya mara nyingi. Meno husaidia pale tu ardhi inapokubali kuingiwa, kama vile kwenye matope au nyasi mbichi. Juu ya lami hayana pa kuingia, na badala ya kushika hupinda chini ya uzito, hula nishati na kuisha upesi. Barabara ya udongo iliyoshindiliwa, ingawa kwa rangi na vumbi lake huonekana kuwa kinyume cha lami, kwa ugumu wake ni ndugu wa lami: nayo haiingiliki. Tofauti kubwa iliyopo ni changarawe huru zinazotapakaa juu yake, na hizo hazishikiki kwa meno mafupi wala marefu, bali huvumiliwa kwa tairi pana lenye upepo wa kiasi. Kwa hiyo akili inapofanya kazi yake ya kwanza, yaani kuchunguza sababu za mambo, sehemu ya mgogoro huyeyuka yenyewe, na anayeanza kwa kudhani kwamba lazima achague kati ya tairi laini la lami na tairi lenye magego ya milimani hugundua kwamba nyuso zote mbili za njia yake zinaomba kitu kinachokaribiana: tairi lenye upana wa kati ya milimita 35 na 45, lisilo na meno katikati au lenye meno madogo yaliyosongamana, na lenye kitambaa chepesi kinachonyumbulika. Inafaa kukumbuka hapa kwamba baiskeli nyeusi za mizigo zilizojaa Afrika Mashariki, zile ambazo Kenya na Uganda huziita Black Mamba, zimekuwa zikitembea juu ya matairi ya inchi 28 kwa inchi moja na nusu, yaani takriban milimita 40 za upana, tangu zamani kabla ya viwanda vya Marekani na Ulaya kuuza upana huo kama ugunduzi. Wabeba mkaa na wachuuzi wa ndizi hawakuhitaji nadharia ili kujua kinachofaa barabara ya vumbi chini ya mzigo.

Hata hivyo kazi hiyo ya kwanza hupunguza uwanja wa uchaguzi bila kuufunga, na kosa la watu wengi huanzia hapo, wanapoujaza uwanja uliobaki kwa wazo la wastani. Huhesabu kwamba njia ni nusu lami na nusu vumbi, basi huchukua kipimo kilicho katikati ya vipimo viwili na kudhani kwamba wametenda kwa busara. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona kosa hili waziwazi. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako alifundisha kwamba wema hukaa kati ya kuzidi na kupungua, lakini akaonya kwamba ukati huo si ule wa hesabu: ikiwa chakula cha mina 10, kipimo cha Kigiriki cha uzito, ni kingi mno, na cha mina 2 ni kichache mno, mkufunzi wa wanamichezo hatamwamuru kila mtu ale mina 6, kwa sababu kiasi hicho ni kidogo kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri wa Croton, na ni kingi kwa anayeanza mazoezi. Kipimo cha katikati hupatikana kwa kumtazama mhusika na hali yake, na uwezo wa kukipata ndio alioutofautisha na elimu ya vitabu, akauona kuwa ni busara ya kutenda, ambayo huja kwa umri na mazoea. Upepo wa tairi ni mfano halisi wa mafundisho hayo, kwani baa 2.5 zinazomfaa mtu wa kilo 75 zitamgongesha rimu kwenye mawe mtu wa kilo 100 na kumrusharusha mtu wa kilo 50, ilhali tairi na njia ni vilevile. Tena, barabara ya wastani ambayo hesabu ile imeitungia tairi haipo popote duniani. Kila mita ya njia ni lami au ni vumbi.

Kuna mahali pengine ambapo Aristotle anakuwa karibu zaidi na jambo hili. Katika kitabu cha tano cha Maadili hayohayo, anapoeleza ni kwa nini sheria iliyoandikwa kwa jumla hushindwa kufaa kila kisa, anataja kipimo cha risasi kilichotumiwa na wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, ambacho hakikubaki kimenyooka bali kiliinama kulifuata umbo la jiwe. Alikitumia kufafanua uadilifu, kwa maana ya hukumu inayoirekebisha sheria pale ambapo ujumla wake umeileta kwenye dhuluma. Tairi lililojazwa kwa kiasi hufanya vivyo hivyo juu ya changarawe: hulizunguka jiwe badala ya kulirukia, na kwa kuinama huko huenda mbele kwa kasi kubwa kuliko lile lisilotaka kuinama. Lakini kuinama huko kuna mpaka wake, na tairi lisilo na upepo wa kutosha hulegea, huyumba kwenye kona, na hubanwa kati ya jiwe na rimu hadi tyubu ikatoboka. Kunyumbulika kuna thamani mahali ambapo kitu kinachonyumbulika kimebaki na nguvu ya kujirudi, na mafundisho ya uadilifu yangekuwa bora kama yangelisema jambo hili mara kwa mara.

Swali zito kuliko yote katika uchaguzi huu ni lingine: je, tairi lichaguliwe kwa kuangalia sehemu kubwa ya njia, au kwa kuangalia sehemu yake mbaya kuliko zote? Njia inaweza kuwa laini kwa kilomita tisini na tano, kisha kilomita tano zikawa za mawe makali. Mfano ulio maarufu duniani ni Flint Hills ya jimbo la Kansas, Marekani, ambako mashindano yanayoitwa sasa Unbound Gravel yamekuwa yakianzia mji wa Emporia tangu mwaka 2006, yakiwa na safari kuu ya takriban kilomita 320. Nchi hiyo imebaki kuwa mbuga ya nyasi ndefu kwa sababu mawe ya gumegume yaliyo chini ya udongo wake mwembamba yaliwashinda wakulima kwa jembe, na mawe hayohayo, yanapovunjika na kusambaa barabarani, hupasua ubavu wa tairi, yaani ile sehemu nyembamba iliyo kati ya rimu na mkanyagio, kwa namna ambayo hata utomvu wa kuziba matundu unaomiminwa ndani ya matairi yasiyo na tyubu mara nyingi hauwezi kuizuia. Mshindani anayechagua kitambaa chepesi hupata kasi kwa kilomita nyingi na anaweza kupoteza yote kwa jiwe moja.

Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake A Theory of Justice cha mwaka 1971, aliitetea kanuni inayomtaka mchaguaji alinganishe matokeo mabaya kuliko yote ya kila chaguo, kisha ashike lile ambalo ubaya wake ni mdogo. Alikuwa mwangalifu kuiwekea masharti: mchaguaji awe hajui uwezekano wa kila tokeo, awe hajali sana faida iliyo juu ya kile kiasi cha chini anachohakikishiwa, na machaguo mengine yawe na mabaya yasiyovumilika. John Harsanyi, mwanauchumi, alimjibu mwaka 1975 kwamba mtu anayeongozwa na tokeo baya peke yake hataweza hata kuvuka barabara, na kwamba akili hudai kupima kila tokeo kwa uwezekano wake. Kwa mwendeshaji, hoja ya Harsanyi ina nguvu pale anapoijua njia. Aliyeipita mara nyingi hujua mawe yako wapi, naye hana sababu ya kubeba tairi zito la kilomita tano kwa kilomita mia moja. Asiyeijua njia, na ambaye pancha isiyozibika itamwacha mbali na watu jua likizama, yuko karibu na masharti ya Rawls.

Lakini wote wawili huchukulia kwamba tokeo baya linaweza kutambuliwa mapema, na Kansas ya mwaka 2023 ilionyesha udhaifu wa dhana hiyo. Mvua ilikuwa imelainisha sehemu ya mwanzo ya njia, udongo ukageuka tope zito linaloganda, na washindani wengi wakashuka na kubeba baiskeli zao au kuzisukuma pembezoni mwa barabara. Katika hali hiyo tairi pana, ambalo limechaguliwa kama kinga dhidi ya gumegume, hugeuka kuwa mzigo, kwa sababu huacha nafasi ndogo kati yake na fremu, na nafasi ndogo hujaa tope haraka hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Ubaya ulikuwa zaidi ya mmoja, na kinga ya mmoja ilikuwa mlango wa mwingine. Kwenye udongo mweusi wa maeneo ya Maasai Mara, ambako mashindano ya Migration Gravel Race yalianzishwa mwaka 2021, mvua ikinyesha njia hufanya jambo hilohilo. Kwa hiyo anayesema kwamba atajilinda na lililo baya kuliko yote hana budi kukubali kwamba amekwisha kuchagua ni ubaya upi atakaoupa cheo hicho, na uchaguzi huo haukutokana na kanuni.

Baada ya yote hayo hubaki matairi mawili au matatu ambayo akili haina neno juu yake. Suala hili ni la kale. Al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alitoa mfano wa mtu mwenye hamu aliyewekewa tende mbili zinazolingana kwa kila hali, asiyeweza kuzichukua zote. Alisema kwamba mtu huyo bila shaka atachukua moja, na kwamba hiyo ndiyo sifa ya utashi, yaani nguvu ya kukitenga kitu na kinachofanana nacho. Hoja yake ilikuwa juu ya Mwenyezi Mungu na wakati wa kuumbwa ulimwengu, lakini mfano wake umeishi nje ya mjadala huo. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kwamba mtu yule hachagui tende hii dhidi ya ile. Anachagua kula dhidi ya kutokula, na mkono huangukia iliyo karibu. Jibu la Ibn Rushd linatosha kwa anayesitasita kati ya tairi la milimita 38 na la milimita 40 la aina moja. Huyo anachagua kuendesha badala ya kukaa nyumbani, na wiki mbili za kulinganisha namba ni wiki mbili zilizoporwa kwenye safari.

Halitoshi, hata hivyo, kwa anayesimama kati ya tairi jepesi la milimita 35 na tairi la milimita 45 lenye ubavu mzito, kwa maana hayo hayafanani hata kidogo. Ruth Chang, mwanafalsafa wa Marekani, ameonyesha kwamba vitu vya namna hii si sawa kwa thamani, na ushahidi wake ni mwepesi: lau vingekuwa sawa, kuongeza ubora kidogo tu kwa kimoja, tuseme kukipunguzia bei kidogo, kungeuinamisha mzani upande wake, lakini mchaguaji akipunguziwa bei hubaki akisitasita vilevile. Mwanafalsafa mwingine, Joseph Raz, aliuchukua ushahidi wa aina hiyo kuwa dalili kwamba vitu hivyo havilinganishiki kabisa. Chang amekataa, akisema kwamba vinalinganishika, ila viko katika uhusiano wa nne ulio mbali na kuzidi, kupungua na kulingana, ambao unaweza kuitwa kuwa rika moja, na kwamba katika uhusiano huo mtu ana uwezo wa kujifunga na chaguo, akalifanya kuwa sababu yake mwenyewe ya kutenda. Rai ya Chang ndiyo inayoelekea kuwa na haki, kwa sababu inaeleza jambo ambalo Raz huliacha gizani: anayefunga tairi jepesi hubadilika kuwa mwendeshaji wa aina fulani. Hujifunza kusoma njia kwa macho, kuhamisha uzito wake mbele ya jiwe, kupunguza mwendo panapostahili. Na anayefunga tairi zito hujifunza kwenda moja kwa moja na kuangalia mandhari. Baada ya mwaka mmoja kila mmoja wao ana sababu za kweli za kuendelea na tairi lake, sababu ambazo siku ya kununua hazikuwapo. Kwa hiyo majuto ya aliyepata pancha hayathibitishi kwamba alikosea, kwa kuwa pancha ilikuwamo ndani ya kile alichokichagua kwa macho wazi.

Uhuru huo una mpaka ambao mfano wa tende na mfano wa mshindani wa peke yake huuficha. Katika msafara wa waendeshaji kumi pancha ya mmoja huwasimamisha wote, na aliyechagua tairi jembamba kwa kuwa yeye binafsi yuko radhi kubahatisha, amewabahatisha na wenzake ambao hawakuulizwa. Hapo kanuni ya Rawls, ambayo ilielekea kumvika mtu woga asio nao, hupata nguvu yake ya kweli, kwani ilitungwa tangu mwanzo kwa ajili ya wanaopanga masharti ambayo wengine wataishi chini yake. Anayejichagulia mwenyewe anaweza kuukubali uwezekano wa kusukuma baiskeli kilomita nyingi juani. Anayembeba mgonjwa kitini nyuma yake kumpeleka zahanati hana ruhusa ya kuukubali kwa niaba ya mgonjwa huyo, na kwake yeye milimita tano za upana na ubavu wenye kitambaa kizito ni jambo analodaiwa.